Tovuti ya Karoti Iliyomaliza Bando la Ukumbi Mzima

Jamani, hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Bigwa waliokuwepo, maana wao wataongeza chumvi, na aibu niliyoipata inatosha bila chumvi.

Mama mdogo wangu, Mama Skola, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima karoti, njegere na stroberi kule juu Uluguru, na mimi natengeneza tovuti hapa mjini, Kihonda, basi akaniambia, "Mwanangu, kuna mnunuzi wa hoteli za Dar anakuja kutuona. Anataka awe anaagiza kwa simu kila wiki. Tutengenezee." Nikasema hilo dogo. Wanakikundi thelathini na wawili wakataka kila mmoja atokee na picha yake, kavaa kitenge cha sare, kakumbatia kabichi. Sasa hapo ndipo nilipojichimbia kaburi: picha zote nikazipandisha vilevile zilivyotoka kwenye kamera, kubwa kubwa, sikupunguza hata moja (niliogopa sura zisififie, na mama zangu hawa ukimfifisha mmoja utasemwa mpaka misibani), halafu juu kabisa nikaweka video ya ukungu ukishuka mlimani, na muziki wake. Nikaijaribu kwenye simu yangu, ikafunguka chap! Kumbe nilishaifungua mara mia kwa intaneti ya ofisini, simu ilikuwa imehifadhi kila kitu.

Siku ikafika, ukumbi wa kigango, lile kanisa dogo la kule mlimani, umejaa, pilau linanukia, na mnunuzi mwenyewe, Bwana Fadhili, kakaa mbele, kasema mapema kwamba lazima ashuke kabla ya mvua, maana barabara ile ikilowa gari halipiti. Nikashika maiki. Ningesema tu "tovuti ipo tayari" nikakaa, lakini wapi, kiherehere ndilo jina langu la ubatizo. "Mama zangu, toeni simu, fungueni wote kwa pamoja, mhesabu mpaka tatu, itakuwa imefunguka!"

Moja, mbili, tatu. Kiduara kinazunguka tu. Nikasema ni mtandao huo, endeleeni kidogo. Weee! Akina mama wa mlimani huwaambii endeleeni: nne, tano, sita, mmoja akaanza kupiga ndoo, wengine wakadaka, ikawa wimbo, walipofika arobaini wako wima wanacheza, vigelegele juu, na mimi katikati jasho linanitoka kwenye baridi ile. Kwenye sitini na kitu, kioo cha simu ya Bwana Fadhili kikaleta paji la uso la Mama Skola, paji tu, likagoma hapo. Halafu simu zikaanza kulia ti, ti, ti, kila kona. Bibi mmoja akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Bando lako limekwisha." Akanigeukia. "Mjukuu wangu, hilo nilikuwa nalitunza nimwone mwanangu kwa video Jumapili."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana Fadhili akaangalia mawingu, akasimama. "Mama, mboga zenu nzuri sana, lakini mpishi wangu hawezi kungoja hivi." Mama mdogo alinitazama, na iliniuma kuliko kipigo, kwa sababu ni yeye aliyewaahidi wenzake kwamba mwanawe anaiweza kazi hii.

"Shikamoo, dakika kumi tu, nakuomba!" nikamwambia Bwana Fadhili (shikamoo, mtu tunalingana umri!). Akacheka, akaketi, akawekewa pilau. Nikakaa juu ya gunia la karoti na kompyuta mapajani, nimeiunganisha na bando la simu yangu, nikafuta video, nikafuta muziki, nilipofika kwenye picha mkono ukasita. Nikawauliza wenyewe.

Mama Skola akasema, "Toa zote, anza na yangu. Hoteli inapika karoti, haipiki mwenyekiti."

Watu walivunjika mbavu. Nikabakiza majina ya mboga, bei, na mahali pa kuandika kiasi, basi. Bwana Fadhili, ambaye bando lake lilikuwa bado, akafungua huku kijiko kiko hewani, na hakijafika mdomoni ukurasa huo hapo. Akaandika, akabonyeza, na simu ya Mama Skola ikapokea ujumbe wa kawaida (bando si hana!): karoti, magunia mawili. Alinikumbatia mpaka mgongo ukalia.

Lakini nimekoma. Siku hizi tovuti yoyote, kabla mwenyewe hajaiona, napanda nayo mlimani, naazima simu ambayo haijawahi kuifungua, nasimama pale mtandao unaposuasua, na ikigoma naumbuka mbele ya migomba tu. Migomba haina maneno.