Tisini na Saba

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amebakiwa na nafasi moja katika timu ya kwenda kushindana na shule nyingine, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi na msichana niliyeketi naye dawati moja. Mimi nilitaka safari tu. Yeye alitaka mama yake, muuza mitumba wa soko la Gikomba, aache kusema kwamba hesabu ya msichana ni ya kupimia unga.

Ijumaa mwalimu akatupa kila mtu namba yake. Yangu 9973, yake 9991. Tuseme Jumatatu kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mia mara mia ni elfu kumi, akatueleza, kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya mia. Zote zikiacha salio, umemaliza. Ziko ishirini na tano.

Jumamosi tulikaa kibarazani kwetu, tukigawa kwa chaki juu ya saruji kisha tukinakili daftarini. Kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja. Kufikia hamsini na tatu mimi nilikuwa nimeshachoka nazo kabisa. Nyuma ya nyumba wasichana walikuwa wanacheza kati, wakikwepa mpira, na wanatuita. Tulipomaliza themanini na tisa tulikuwa tumebakisha moja, tisini na saba.

"Si tuwachie hapo," nikamwambia. "Ishirini na nne zimekataa. Kwani hiyo moja itatuua?"

Akasita. Huyu alikuwa mtu wa kumaliza vitu, hata ukoko wa sufuria hakuuacha. Nikamcheka, nikamwambia anajifanya profesa, mpaka akafunga daftari. Sote tukaandika: ni tasa.

Jumatatu mwalimu akaangalia jibu langu tu, akatia vema. Kwake akaandika kwa kalamu nyekundu: 97 × 103.

"Umeruka ya mwisho," akamwambia mbele ya darasa zima. "Mvivu simtaki kwenye timu."

Nafasi nikapewa mimi. Neno la kusema nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Niliona aibu, na safari bado niliitaka. Yeye hakunishtaki, wala hakunitazama.

Hadi leo nazifikiria namba zile mbili. Zimepishana kwa kumi na nane tu, na kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi. Uvivu ulikuwa mmoja, tena wangu. Yangu ilikuwa tasa tangu kabla sijazaliwa, haikuhitaji bidii yangu, na mimi nikasifiwa kwayo.

Asubuhi ya mashindano alinikuta getini, akanipa karatasi iliyokunjwa. Nikajua ni matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Nikaikunjua. Ilikuwa namba yangu, imegawanywa kwa tisini na saba kwa mwandiko wake uliopangika: mia moja na mbili, salio sabini na tisa.

"Sasa imekamilika," akasema. "Wakikuuliza, hutalazimika kudanganya."

Akaingia darasani, na mimi nikapanda basi.