Mwalimu Hilary na Somo la Nne

Hilary Thwaite alipokuwa na miaka kumi na sita, mwalimu mkuu alimwambia masomo mawili yangemtosha, maana kila jioni alikuwa akikaanga chipsi dukani kwa shangazi yake. Akatii. Kwa mawili hayo akakosa chuo alichokitaka, kilichodai matatu, na ilimchukua miaka sita kukifikia kwa njia ya kuzunguka. Basi alipopewa meza ya usajili wa kidato cha tano, huko mjini Penrith, kila aliyeomba masomo manne alimpa bila swali. Kwake ilikuwa namna ya kulipa kisasi.

Lakini kila ilipofika likizo ya Oktoba, walirudi mmoja mmoja, macho mekundu, kuacha somo moja. Karibu kila mara waliacha lile walilolipenda, kwa kuwa ndilo lililoonekana halina kazi. Ilimchukua Hilary miaka mingi kukubali kwamba gharama ya kisasi chake ililipwa na watoto wa watu.

Agosti hii alikuja Kezia Bowness, binti wa mfugaji, anayetaka kuwa daktari wa mifugo. Alikuja na baba yake, Joss, na orodha ya masomo: biolojia, kemia, hisabati, Kifaransa.

"Mpe yote manne, mwalimu," Joss alisema. "Huyu hachoki. Ni trekta."

"Trekta lako si ndilo linalozimika mlimani, baba?"

Hilary alicheka. Kalamu ilikuwa tayari mkononi, akailaza mezani.

"Nielezee Jumanne yako, Kezia."

"Saa kumi na moja alfajiri, kukamua. Saa moja, basi la shule. Jioni, ndama mpaka saa moja na nusu. Halafu nasoma mpaka nisinzie."

"Unasinzia saa ngapi?"

Kezia alimtazama baba yake. "Saa tatu."

Hilary alifungua vitabu vya vyuo alivyovitaka binti huyo, akamwonyesha kwa kidole: biolojia, kemia, na somo lolote la tatu, mradi afaulu vizuri.

"Hisabati uliambiwa na nani?"

"Kila mtu. Eti inapendeza kwenye fomu."

"Sasa si afute Kifaransa?" Joss alisema. "Ng'ombe wangu hawakijui."

"Ndiyo maana nakitaka, baba. Nataka kitu kimoja tu kisichonuka maziwa."

Joss alikuna shingo. Hili halikuwa la Hilary kuliamua. Akamsogezea binti kalamu.

Kezia alikata hisabati kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Haya," Joss alisema hatimaye. "Ndama wa Jumanne niachie mimi."

"Na wa Alhamisi?"

"We mtoto, usinipande kichwani," alisema, lakini hakukataa.