Mwandishi Anatafuta Nyumba

Katika udalali wangu sijawahi kutembeza mteja kama huyu mwandishi wa riwaya. Dawa za mapafu na nakala za kitabu chake kipya anazibeba kwenye mkoba mmoja, na kila nyumba anaipima kwa shubiri za mkono wake mkavu: hapa meza, hapa kitanda. Mlangoni tu humwambia mwenye nyumba kwamba anaumwa. "Kama ni kunikataa, anikatae kabla sijavua viatu, mdogo wangu." Na wamemkataa wengi.

Leo walimpigia simu kutoka redioni tukiwa jikoni kwa mzee mmoja. Mtangazaji aling'ang'ania habari za ugonjwa. "Ugonjwa haujaandika hata ukurasa mmoja," alimkatiza. "Niulize kitabu." Mzee, aliyesikia yote, alijikuna kidevu. "Vyumba viko juu, mama. Ngazi hizi utaziweza?" "Ngazi zako, mapafu yangu. Kila mtu ahangaike na chake." Akaanza kupanda. Katikati, ngazi zinapopinda, pumzi zilimwishia. Akaegemea ukuta, kifua kikilia kama filimbi. Mzee akanikonyeza, kana kwamba mambo yamekwisha, nami nikaanza kuwaza nyumba nyingine. Ndipo nikaona vidole vya mwandishi vikitambaa ukutani, shubiri moja, ya pili, ya tatu. "Hapa," alisema sauti ilipomrudia, "kiti changu cha kupumzikia kinaenea." Kisha akashika chuma cha ngazi. "Haya, nionyesheni huko juu."