Vidonge vya Rangi Mbili Kwembago

Saa moja na nusu asubuhi ukungu bado umekalia mabonde ya Kwembago, kijiji cha wakulima wa mboga kilicho juu ya mji mdogo wa Soni. Katika uwanja wa shule ya msingi wanafunzi wamesimama mistari. Nyuma yao wazazi wamejikunyata ndani ya makoti na kaniki. Bi Mwanasha Darweshi, muuguzi wa zahanati, anawasalimu kwa Kishambaa, kisha anafungua kiganja. Mna kidonge kimoja, nusu chekundu, nusu cha manjano.

"Nani anakijua hiki?" anauliza.

Mikono inanyanyuka karibu yote. Msichana mmoja anaeleza kwamba mama yake alikivunja akamwaga unga wake kwenye kidonda cha funza. Mwingine anasema baba huwapa kuku wanaposinzia. Bi Mwanasha hacheki wala hamkaripii mtu. Anawauliza wakulima hao wakipalilia sangari, gugu sugu la shambani, wakaacha mizizi, hutokea nini. Wanajibu kwamba inarudi, tena kwa nguvu.

"Na vijidudu vya ugonjwa ni hivyo hivyo," anawaambia. "Ukiacha dawa njiani, vinavyobaki ni vile vikaidi."

Mzaliwa huyu wa Pangani alipanda milima hii mwaka uliofuata Azimio la Arusha, hajui Kishambaa hata neno. Zahanati yake iko bondeni, mwendo wa saa mbili kutoka vitongoji vya juu. Vidonge vya rangi mbili, kwa upande wao, vinapatikana gulioni, vimetandazwa mkekani pamoja na nyembe na pini, vinauzwa kimoja kimoja kama pipi.

Anayemfanya apande mlima huu kila mara ni mtoto aliyeitwa Efrazia.

Masika ya mwaka jana Efrazia, mwanafunzi wa darasa la tano, alipatwa na kichomi. Bi Mwanasha alimpa dawa kamili na kumwagiza mama yake, Marta, mjane anayelima kabichi, asiache hata kidonge kimoja. Homa ilishuka upesi, mtoto akaanza kula na kucheza. Marta akaona ni uharibifu kumnywesha dawa mtoto aliyekwisha pona. Vilivyobaki akavitia koponi, vingine akamgawia jirani ambaye mwanawe alikuwa anakohoa.

Kichomi kilirudi. Marta akampa vile vya koponi, akaongeza vya gulioni. Efrazia alipofikishwa hospitali kwa machela, waganga walijitahidi bila mafanikio. Alizikwa Jumapili, mvua ikinyesha.

Matanga yalipoisha, Marta aliteremka zahanati, akakaa kwenye benchi mpaka mgonjwa wa mwisho akaondoka. Ndipo akauliza kwa nini dawa ile ile iliyomponya mwanawe mara ya kwanza ilimkataa mara ya pili.

"Ningemwambia ni kazi ya Mungu, angeondoka amefarijika," anasema Bi Mwanasha. "Lakini alikuwa na watoto wengine wawili nyumbani. Na lile kopo lilikuwa bado lipo."

Alimwambia ukweli, kwa upole alioweza. Alimwambia pia kwamba hakuna awezaye kuapa kuwa Efrazia angepona. Ila angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Marta alisikiliza, akainuka, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo Marta alimpita muuguzi njiani bila kumsalimu, jambo zito katika milima hii. Wanawake wengine wakamfuata. Baadhi waliacha kabisa kwenda zahanati. Bi Mwanasha anakiri kwamba aliwaza kuomba uhamisho arudi pwani. Badala yake alikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Rajabu, akamwomba kipindi cha kufundisha, na baadaye mkutano wa wazazi.

Mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu. Mzee Silvano, mkulima wa viazi, alisimama akasema zahanati ni mbali na siku nyingine dawa zimekwisha. Mtoto akiwaka homa, aliuliza, yeye asubiri nini? Wazazi wakaanza kuguna.

Ndipo Marta akasimama.

"Mlipokuwa mnanipoza, huyu aliniambia ukweli," alisema. "Nilimchukia kwa hilo. Lakini wanangu waliobaki sasa wanamaliza dawa, hata kama wanaruka na kucheza. Baba Silvano, unalouliza ni kweli. Basi tusimwachie peke yake. Tujenge chumba hapa shuleni, dawa itufuate."

Kisha Mzee Silvano akauliza mawe yatatoka wapi.

Yalitoka mtoni, vichwani mwa wanawake na wanafunzi, kila Jumamosi baada ya kazi za shamba la kijiji. Kuta sasa zimefika madirishani. Mwuza vidonge bado anatandaza mkeka wake gulioni, na bado ana wateja. Wiki iliyopita tu, Bi Mwanasha alimpokea mtoto aliyenyweshwa vidonge viwili vya mkekani kwa ajili ya mafua.

Kuhusu Marta, anasema hawajalizungumza tena lile la Efrazia. "Ananisalimu. Nami naitikia."

Anatumaini kwamba kabla ya vuli chumba kitaezekwa, naye atakuwa akipanda kila Jumatano na sanduku la dawa. Anapoulizwa atahesabu lini kuwa kazi yake imefanikiwa, anaangalia njia nyembamba iteremkayo kwenda gulioni.

"Mzazi akiamka na mtoto mwenye homa," anasema, "nataka njia iliyo fupi kuliko zote iwe ile inayokuja kwetu."