Siku Tuliyosikiliza Santuri ya Baba

Juzi mpwa wangu aliniwekea muziki kwenye simu: gitaa la roki, besi ya fanki, na tumba za Kilatini zikichemka chini yake. Nikamwambia azime. Akadhani nimezeeka. Yeye sikumweleza, lakini wewe nitakueleza.

Baba alikuwa mpiga tumba. Miaka ya themanini alikwenda Ujerumani na bendi ya hoteli, na huko kundi moja la wanamuziki wa Kilatini waliokuwa wakirekodi albamu wakamwita awapigie. Akarudi Kisumu na santuri moja, jina la baba limeandikwa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo. Tulivyoringa mtaani, we acha tu!

Siku ya kuisikiliza, mama alikaanga samaki wa ngege, kitunguu kikanukia hadi barabarani. Marafiki wa baba wa mjini wakaja na miwani yao myeusi, wakakaa nayo hata ndani ya nyumba. Nyanya, mama yake baba, akatoka kijijini Usenge na furushi la dagaa wa omena, amevaa gauni la kanisani.

Sasa, sisi tuna desturi yetu, pakruok. Nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, ikipigwa, mtu huinua mkono, mpigaji hunyamaza, naye husimama akamsifu ampendaye mbele ya watu. Kisha muziki huendelea. Kwa nyanya, mwanawe alikuwa bado hajapokelewa nyumbani mpaka asifiwe hivyo.

Tumba zilipoanza kulia, nyanya akasimama, akainua mkono.

"Nyamazeni kwanza! Nataka kusifu kijana yangu."

Santuri ikaendelea. Akangoja. Akauinua mkono juu zaidi.

"Mama, hao wako Ulaya, hawakuoni!" akasema mgeni mmoja, wakaangua kicheko.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamtazama baba. Kuisimamisha santuri ilikuwa kazi ya kuinua sindano tu.

"Mama, kaa chini. Unaniaibisha," akasema, akaongeza sauti ya santuri.

Nyanya akaketi. Wimbo ulipokwisha akapiga makofi pamoja na wengine, na hayo makofi ndiyo yaliyonitia aibu kuliko kicheko.

Asubuhi, nikimsindikiza stendi, nilimwuliza alitaka kusema nini.

"Nimesahau," akajibu, yeye aliyekumbuka majina ya ng'ombe wote wa babu yake.

Albamu ile bado inapatikana, hata kwenye simu ya mpwa wangu. Nyanya alizikwa Usenge, baba akamfuata, na sifa zile hakuna aliyezisikia. Baba mwenyewe hakuwahi kumwuliza.