Kibao cha Siku Nne

Dorkasi alimtilia shaka Blandina siku ile ile alipokuja kuomba kazi dukani kwake, kwa kuwa alikubali mshahara bila kubishana. Miaka ishirini ya kuwauzia watalii shanga pale Karatu ilikuwa imemfundisha kwamba asiyepandisha bei ana kasoro anayoificha.

"Mwalimu wa Kiswahili, ajira ya serikali, miaka miwili tu umeacha," alisema. "Mimba au wizi?"

"Hakuna hata kimoja, mama."

"Basi kichwa."

Blandina, binti wa kijiji cha Endabash, akaanza kupanga shanga mezani. Dorkasi akamchukua. Chungu chenye ufa nacho kinauzika, bora ufa utazame ukutani.

Kuuza alijua. Ila duka likitulia tu, alianza kusema peke yake: bei za vikapu, majina ya siku, chochote, mradi pasiwe kimya. Dorkasi akawa anawasha redio mapema.

Mwezi wake wa tatu dukani akaingia Nanyokie wa kijiji cha Kakesio, aliyekuwa akimletea Dorkasi shanga, na bintiye wa miaka tisa. Blandina akamwinamia mtoto.

"Nasieku. Hujambo?"

Mtoto alitazama sakafu.

Hapo ndipo Blandina alipomweleza Dorkasi. Shuleni Kakesio, alikokuwa akifundisha, mtoto aliyeteleza akasema Kimaasai alivikwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake aliyeteleza vilevile, amrithishe. Amri ilikuwa ya mwalimu mkuu. Mkono uliovika ulikuwa wa Blandina. Nasieku alikaa nacho siku nne, asimchongee mtu. Siku ya tano hakusema Kimaasai, wala Kiswahili, wala lolote. Mwaka mzima Blandina alifundisha mbele ya kinywa kile kilichofungwa, hata nyumbani akawa anakiona.

"Nilidhani nikiondoka atasema," alimwambia Nanyokie. "Amesema?"

"Na ndama, ndiyo. Shule bado."

Mtoto akavuta shuka la mama yake, akamnong'oneza sikioni. Blandina alikuwa ameshasogea.

"Kasema nini, yeyo?" alimuuliza Nanyokie, akimwita mama kwa Kimaasai.

Nanyokie alisitasita. "Anauliza tunaondoka saa ngapi."

Walipotoka, Dorkasi aliuliza alichokuwa akikiogopa: "Sasa utarudi kufundisha?"

"Nikamtazame tena?"

Dorkasi akashusha pumzi. Muuzaji wake hakuwa anakwenda popote. Blandina naye alikuwa ametoa kazi ya maisha ili mtoto apate sauti. Sauti akaisikia ikipita karibu yake, ikiomba tu kuondoka alipo yeye.