Pamba ya Sikioni mwa Mwanaidi

Wewe uliyewahi kwenda shule na kuni begani na kiazi cha kuchemsha mfukoni, sogea karibu, haya nakusimulia wewe. Watoto wa siku hizi wanaijua asubuhi ya milima yetu kama picha ya ukungu ya kurushiana kwenye simu. Sisi ukungu ule tuliuvaa. Tulishuka shuleni, njia ya Lukozi, miguu mitupu imeshika udongo mwekundu, sweta zimetoboka viwiko, na mkono haukutoka mfukoni mpaka kiazi kipoe.

Darasa la tatu tukaanza Kiingereza. Mwalimu wetu tulimwita Veri Gudi, akiwa hasikii, maana ndilo neno alilolipenda kuliko fimbo, na fimbo aliipenda sana. Akiingia tunasimama wote, madawati yanalia. “How are you?” Nasi kwa sauti moja, hata waliokuwa wakipalilia kabichi ng’ambo ya bonde walitusikia: “We are fine, thank you, teacher!” “Sit down.” Tunakaa. Darasa la nne kila mmoja akajifunza kulisema peke yake: “I am fine, thank you, and how are you?” Jibu lingine hatukufundishwa. Una homa, wewe ni fine. Hujala tangu jana mchana, wewe ni fine, kaa chini.

Nieleze kidogo hapa, maana hapa ndipo tulipopotea. Nyumbani kwetu salamu ilikuwa na ngazi. Ukipita shambani kwa mama yeyote unamwamkia: shikamoo, marahaba, hamjambo nyumbani, hatujambo. Kwanza wote hawajambo, hata waliotoka kuzika. Kisha mama yule anaegemea jembe na kuuliza tena, “Haya, na habari nyingine?” Hapo sasa ndipo unaposema: ila baba mgongo haujapona, ila ng’ombe ametupa mimba. Nikikurupuka kusema mapema, mama yangu alinifinya. “Mtu hata hajakutazama vizuri, unamwagia maradhi! Ngoja uulizwe mara ya pili.” Kwetu jibu la kwanza lilikuwa la adabu. La pili ndilo lililokuwa la kweli.

Mimi na Mwanaidi tuliketi dawati moja. Masikio yake yalitoa usaha, kwanza la kushoto, baadaye yote mawili, na mama yake alimzibia kwa pamba. Wavulana walimwita Godoro. “Godoro hilo linakuja!” Naye aliwageukia bila haraka: “Godoro ni la wenye vitanda. Ninyi kwenu mnalalia nini?” Darasa zima tunavunjika mbavu. Hakuna aliyemweza kwa maneno. Kiingereza tu ndicho kilichompa shida, kwa sababu sauti ya mwalimu ilimfikia nusu nusu.

Ikaja habari kwamba madaktari wa kigeni watapita shuleni kwetu siku moja tu, kuwaangalia watoto na kuwatibu bure. Mama yake Mwanaidi alinisimamisha njiani, akanishika mkono. “Mwanangu, wewe ndiye kiranja. Hakikisha huyu mwenzako wanamwona.” Nikaahidi.

Jioni ile nilimfundisha Mwanaidi chini ya miti ya miwati, nyuma ya shule. Nilikuwa mvumilivu tangu utotoni. Nilimpa neno moja moja, naye akiutazama mdomo wangu, mpaka akalisema jibu lote bila kukwama. “Ukishamjibu daktari hivyo,” nikamweleza, “atakuuliza tena. Hapo mwoneshe masikio.”

“Asipouliza?”

“Mtu mzima yule! Ataachaje kuuliza?”

Asubuhi Veri Gudi alikagua kucha na kola. Alipofika kwa Mwanaidi akanigeukia mimi, kiranja: “Uchafu huo uondoe.” Nikaitoa ile pamba kwa mkono wangu. Nikamfuta masikio kwa mkono wa sweta yangu, nikamfuta vizuri kabisa. Nikamwambia, “Usinitie aibu.”

Wageni walikuja na mkalimani. Veri Gudi akampeleka ofisini anywe chai. “Watoto wangu wanajieleza wenyewe,” akasema. Tukapangwa mstari uwanjani. Daktari, mama mrefu mwenye sura njema, alipita akimwuliza kila mmoja hali. Wenye vidonda vya kuonekana na macho mekundu waliwekwa pembeni kwa matibabu. Akafika kwa Mwanaidi.

“How are you?”

“I am fine, thank you, and how are you?”

Hakukosea hata neno moja. Daktari akacheka kwa furaha, akampapasa kichwa, “Very good!” akasogea kwangu. Kumbe kwao jibu la kwanza ndilo la mwisho. Nami nikaulizwa, na badala ya kumwonesha mwenzangu kwa kidole, nikajibu kama nilivyofundishwa. Veri Gudi alikuwa akitabasamu nyuma ya daktari.

Mstari ulipovunjwa, Mwanaidi alibaki amesimama palepale. Nilimvuta mkono.

“Bado hajaniuliza mara ya pili,” akasema.

Darasa la sita hakusikia tena kitu. Baba yake alimfikisha hospitali, akaambiwa amechelewa. Mwanaidi akaacha shule, akashika jembe. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu. Wa Kiingereza. Na kwa miaka mingi, sitakuficha, niliingia darasani nikauliza “How are you?”, nikajibiwa, nikasema “Sit down.”

Siku za gulio Lukozi namkuta amekaa nyuma ya rundo la kabichi zake. Akiniona tu anapaza sauti, kama wapazavyo wasiojisikia: “I am fine, thank you!” Wanunuzi wanageuka, yeye anacheka mpaka machozi. Ni utani wake, ananitania mimi peke yangu. Sijawahi kuweza kucheka.

Siku hizi hata huku mlimani ngazi za salamu hazipo tena. “Mambo?” “Poa.” Imekwisha, kila mtu na bodaboda yake. Mjukuu wangu, anayesoma shule ya kulipia, hunijibu “I’m good, Bibi” na macho hayajatoka kwenye simu. Matamshi yake yangemliza Veri Gudi kwa raha. Sisi tulidhani tutafundishwa lugha ya wageni. Tumejifunza pia kupita na kusogea kwa mwingine.

Basi leo mtoto wako akirudi kutoka shule, muulize hali. Akikujibu fine, au poa, au sijambo, usimwambie akae. Kaa wewe, mtazame masikio, muulize tena.